Nani Asimame Nyuma ya Trekta

Kambi ya Mbegu,
Shamba la Ngano,
S.L.P. Katesh.
9 Februari 1986

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umetoka kanisani na umeketi, maana najua hufungui barua ukiwa umesimama. Mama naye shikamoo nyingi, na goti lake nalipa pole. Mimi mzima. Chakula kipo, baridi ya asubuhi inaumiza lakini si kama ya kwetu Bashay.

Baba, trekta dogo limefika, na nimekabidhiwa mimi. Si kama yale makubwa ya kulimia ngano ambayo magurudumu yake yananipita kimo. Hili ni la viwanja vya mbegu, linageuka mahali padogo. Wanaume wawili waliliomba. Nikapewa mimi kwa sababu nilifaulu mtihani wa udereva kuwazidi, na Meneja aliona aibu kuficha matokeo yaliyokwisha kubandikwa ukutani.

Lakini ninachotaka kukueleza ni kingine. Wewe hujaona tunavyofunga zana. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Haro ya kuvunja madongoa, au plau, inakuwa imelala chini na pini zake. Mimi narudi nyuma polepole, na mtu anasimama katikati, kati ya trekta na haro, ili alenge tundu la mkono kwenye pini. Ikikosea ananiambia, "Rudi kidogo." Narudi kidogo. Kidogo hicho ni vidole viwili. Mguu wangu ukiteleza kwenye klachi, yule mtu hana pa kukimbilia.

Anayesimama hapo ni Gidamis. Ni mtu mzima wa Gendabi, ana wake wawili na watoto saba. Zizi la baba yake lilikuwa hapa hapa tunapopanda mbegu, kabla shamba halijaja. Sasa anafanya kazi ya kufunga plau inayolima zizi la baba yake. Halalamiki. Husema tu, "Dada, rudi kidogo."

Trekta hili lilikuja na kitu kipya. Ni fremu ya chuma, umbo la lango dogo, ina ndoano moja juu na mbili chini. Unaifunga nyuma ya trekta mara moja, inabaki hapo. Ukitaka haro, unarudi nyuma mpaka ndoano ya juu iingie chini ya pini ya juu, unanyanyua, ndoano za chini zinadaka pini zao na makomeo yanajifunga. Basi. Hakuna mtu katikati.

Unajua Bwana Lukasi, msimamizi wa zana, alifanya nini? Aliifungia stoo. Alisema, "Hii ni ya Wazungu, haiendani na zana zetu." Hakujaribu hata mara moja. Nilimfuata kwa wiki mbili. Mwishoni fundi Xavery wa karakana alipima, akaona pini zetu ni nyembamba kuliko ndoano. Akakata bomba la maji vipande, akavivika kwenye pini, akatoboa tundu jipya la pini ya juu. Jumatano nilirudi nyuma, nikanyanyua, ikadaka. Gidamis alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Aliniambia, "Leo nimekuwa mgeni."

Basi nina furaha, na nina hasira kwamba furaha hii ilikaa stoo wiki mbili.

Mwanao,
Efrazia


Bashay, Mbulu.
2 Machi 1986

Kwa binti yangu Efrazia,

Marahaba. Milele amina. Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi, kama ulivyosema. Sisi hapa hatujambo. Goti la mama yako linapanda na kushuka na mvua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Maharage yameota vizuri, fuko ameanza kuyaonja kabla yetu.

Nimefurahi juu ya trekta. Niliwaambia wazee baada ya ibada, mmoja akauliza kama utapata mume ukiwa unanuka dizeli. Nikamwambia dizeli inatoka kwa sabuni.

Hiyo fremu nimeielewa. Sisi tunapofunga nira husimama ubavuni mwa ng'ombe, hatusimami mbele, na ng'ombe anatusikia tukipiga kelele. Trekta halisikii. Fremu hiyo ni jambo jema.

Lakini mwanangu, umemshinda mkubwa wako mbele ya watu. Mtu aliyesema kitu hakiwezekani, kisha kikawezekana kwa mkono wa msichana, halali usingizi. Msalimie kila asubuhi. Mwenye nguvu mpishe. Na hao Wabarbaig, watu wa ng'ombe, uwe na heshima nao lakini usiwe karibu sana. Babu yako walimnyang'anya mifugo kumi na minne, nami bado nakumbuka vumbi la siku ile.

Mama yako anakutumia unga wa mtama kwa dereva wa lori la misheni.

Mimi baba yako,
Tluway


Kambi ya Mbegu.
20 Aprili 1986

Baba yangu,

Shikamoo kwako na kwa mama. Unga umefika, tumekula na jirani zangu. Natumaini fuko mmemnasa.

Nakuandikia nikiwa na moto kifuani. Fremu haipo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilifika kwenye banda nikakuta nyuma ya trekta kumerudi kuwa kama zamani, mikono mitatu inaning'inia. Nilimuuliza Bwana Lukasi. Akasema, "Imekwenda kutengenezwa." Nikamuuliza, "Imeharibika nini?" Akasema, "Wewe ni dereva au mkaguzi?" Nikaenda kwa Xavery, maana hapa hakuna anayetengeneza chuma ila yeye. Xavery hajaletewa kitu. Nikaenda kwa Meneja. Aliniambia niandike barua kupitia kwa msimamizi wangu. Msimamizi wangu ni Lukasi.

Nimemsalimia kila asubuhi kama ulivyosema. Namsalimia bado. Anaitikia bila kuinua macho.

Mvua ni kubwa, udongo huu mweusi umekuwa sabuni. Trekta likisimama kwenye mteremko linateleza lenyewe hata breki ikiwa imekanyagwa. Na katika hali hiyo Gidamis amerudi kusimama katikati. Juzi nilimwambia asubiri nizime injini kabisa kabla hajaingia. Lukasi alipita akasema nachelewesha kazi na napoteza betri. Akaniambia nikitaka kuzimazima nirudi kwetu nikazime moto wa jikoni.

Sikumjibu. Nilikukumbuka wewe, ndiyo maana sikumjibu. Lakini sijui kama nilifanya vizuri.

Mwanao,
Efrazia


Bashay.
15 Juni 1986

Efrazia mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Nimekuandikia mwezi wa tano, hukujibu. Nilidhani barua imepotea njiani.

Jana dereva wa lori la misheni alimwambia mama yako kwamba huko shambani trekta limembana mtu, na aliyekuwa akiendesha ni mwanamke. Hakujua jina la mwanamke. Hakujua kama mtu alikufa.

Mama yako hajaweka kitu mdomoni tangu jana. Kama mkono wako unaweza kushika kalamu, andika. Hata mstari mmoja. Dereva anarudi huko Jumatano.

Baba yako


Kambi ya Mbegu.
22 Juni 1986

Baba, mama,

Shikamooni. Mwanamke huyo ni mimi. Mwili wangu mzima. Nisameheni kwa kunyamaza. Kila nilipoanza kuandika, sikuweza kupita neno shikamoo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tatu mwezi wa tano, saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tulikuwa tunafunga haro. Gidamis alikuwa ameshapata mkono wa kulia wa trekta, alikuwa anatafuta wa kushoto. Akasema, "Rudi kidogo." Nikarudi vidole viwili, nikakanyaga klachi na breki. Trekta halikusimama. Liliteleza. Ninavyowaambia hivi nalihisi chini ya makalio yangu, namna linavyokwenda polepole, bila sauti, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Gidamis hakupiga kelele. Alisema, "Dada, mbele." Nikaenda mbele. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshabanwa kati ya chuma na chuma.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa gari la Meneja. Daktari aliukata kwenye kifundo. Yuko hai. Amerudi kwake Gendabi.

Nimekwenda kumwona mara mbili. Mke wake mkubwa alinipa maziwa. Nilishindwa kuyanywa, akanishikia kibuyu mpaka nikanywa.

Sasa sikilizeni lililonifanya leo niweze kuandika. Hasira imenipa mkono. Wiki iliyopita Bwana Lukasi aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu. Imeandikwa kwamba mhudumu wa zana Gidamis alifika kazini akiwa amelewa pombe ya asali, akaingia nyuma ya trekta bila kuamriwa, na dereva hakuweza kumwona. Chini kuna jina langu na nafasi ya saini.

Nikamwambia, "Hakuwa amelewa. Na aliingia kwa sababu ndiyo kazi yake."

Akaniambia, "Efrazia, karatasi hii inakuokoa wewe. Usipotia saini, dereva aliyembana mtu ni nani?"

Nikamuuliza, "Fremu iko wapi?"

Akaniambia, "Fremu gani?"

Baba, alisema hivyo akinitazama usoni. Fremu gani.

Sijatia saini. Nimenyang'anywa trekta, nafagia banda. Kikao cha nidhamu ni tarehe ishirini na tano Julai. Wataamua kama nifukuzwe, na kama nishtakiwe polisi. Nishaurini.

Mwanenu,
Efrazia


Bashay.
29 Juni 1986

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako amekula. Ametoa misa ya shukrani kwa uhai wako na uhai wa yule mtu.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nakuandikia kama baba, si kama katekista. Tia saini.

Sisi ni watu wadogo. Ofisi ikiamua kukumeza haitatafuna hata mara mbili. Yule mtu mkono wake umekwisha kukatwa, saini yako haiuotishi wala haiukati tena. Wakisema alikuwa amelewa, yeye atapungukiwa nini? Watu wake wanaishi na ng'ombe, hawaishi na karatasi. Lakini wewe ukienda polisi, sisi tuna nini cha kuja kukutolea? Nimeona vijana waliofungwa kwa kosa la mwingine. Hawakurudi kama walivyokwenda.

Ukimaliza, omba likizo uje nyumbani. Ndama anakua.

Mama yako hajakubaliana na barua hii. Nimemwambia nitaandika kwamba hajakubaliana. Nimeandika.

Baba yako,
Tluway


Kambi ya Mbegu.
6 Julai 1986

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nilipokuwa darasa la tatu ulinichapa fimbo nne mbele ya watoto wa mafundisho kwa sababu sikuweza kuitaja amri ya nane. Sasa naitaja. Usimshuhudie jirani yako uongo. Au mtu wa ng'ombe si jirani? Kama kuna mstari unaosema hivyo, nionyeshe, maana Biblia uliyonipa nimeisoma na sijauona.

Unauliza atapungukiwa nini. Mke wake mkubwa alipita hapa kambini, akaniambia. Mtu aliyepoteza mkono kazini watu humwonea huruma. Mtu aliyepoteza mkono kwa ulevi, nani atamwoa binti yake? Nani atampa ng'ombe wa kulisha? Ana mabinti wanne.

Kuna jambo jingine. Xavery ameambiwa na dereva mmoja kwamba fremu iko Nangwa, kwa shemeji yake Bwana Lukasi, ambaye ana trekta dogo la kwake na shamba la mahindi. Mimi siruhusiwi kutoka kambini mpaka kikao. Xavery akionekana huko atafukuzwa. Kwenye daftari la kupokelea zana fremu ile ina namba 4471, imegongwa kwenye chuma, upande wa kulia, juu ya ndoano. Nakuandikia namba hii kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Si kwamba nakuomba kitu.

Efrazia


Katesh, nyumbani kwa mwalimu Nicodemo.
14 Julai 1986

Binti yangu Efrazia,

Hujambo mwanangu? Usishtuke kuona barua imeandikwa Katesh. Nipo hapa kwa mwalimu Nicodemo, mtoto wa shangazi yako. Magoti yananiuma kwa kukaa juu ya magunia, lakini ni mzima.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilimpa mama yako, akaisoma, akanitolea koti langu kwenye kasha.

Nilianza Gendabi. Sijawahi kuingia katika boma la Mbarbaig maisha yangu yote, na nina miaka sitini na miwili. Nilisimama nje ya miba nikabisha. Alitoka kaka yake mkubwa, Gidabuday, mzee mrefu, akaniuliza nimefuata nini. Nikasema mimi ni baba wa yule dereva. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia, "Basi umechelewa. Binti yako amekuja mara mbili."

Gidamis alikuwa amekaa kivulini, kile kigutu kimefungwa kitambaa cheupe. Nilimwamkia, ingawa ni mdogo kwangu. Sikujua namna nyingine. Nikamuuliza mwenyewe, kwa kinywa changu, kama siku ile alikuwa amekunywa. Akasema, "Mzee, pombe ya asali inatoka kwenye nyuki. Nyuki wanatoka kwenye miti. Wewe umepita njiani kuja hapa. Umeona mti?"

Efrazia, sikuwa nimeona mti. Ni ngano tu mpaka macho yanachoka.

Akaendelea, "Miaka mitano hapa hatujapata asali ya kutosha kibuyu kimoja. Wamekata miti, kisha wanasema nimelewa asali." Hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyesikia damu ikinipanda. Nilimwomba msamaha kwa barua niliyokuandikia. Hakuijua barua hiyo, ikabidi nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulikuwa unaogopa kwa ajili ya mtoto. Hata mimi ningeandika." Lakini Gidabuday hakusema hivyo. Gidabuday aliniambia nina bahati binti yangu hakunirithi. Nilistahili.

Kutoka hapo nilikwenda Nangwa. Nilijifanya mnunuzi wa mbegu ya mahindi. Shemeji yake Lukasi ni mtu mkarimu, anapenda kuonyesha mali. Nilimsifia trekta lake. Nikamuuliza, "Na hicho cha nyuma ni nini?" Akasema, "Hicho mzee ni kitu cha ajabu, nafunga plau peke yangu, hata sichafui viatu." Amekipaka rangi ya kijani. Namba haikusomeka kwa macho, rangi ni nzito. Nikapitisha kidole upande wa kulia juu ya ndoano, kama mtu anayeshangaa chuma. Nne, nne, saba, moja.

Nilitaka kumpiga fimbo. Nimefundisha dini miaka thelathini na sita na nilitaka kumpiga fimbo mtu aliyenipa chai. Yeye hachafui viatu.

Nimeandika yote haya kwenye karatasi ya pili, kwa tarehe na jina langu kamili na parokia yangu, na mwalimu Nicodemo ametia saini kama shahidi kwamba nimeandika mbele yake. Isome kwenye kikao. Ile barua yangu ya tarehe ishirini na tisa usiichome. Ihifadhi, ili siku nyingine nikijifanya kujua, unionyeshe.

Baba yako,
Tluway


Kambi ya Mbegu.
24 Agosti 1986

Baba yangu, mama yangu,

Shikamooni. Baba, magoti yamepona safari? Mama, asante kwa koti. Mimi mzima na nimelala vizuri siku kumi zilizopita.

Nianze na kikao. Walikuwa watu watano mezani, Meneja katikati, na mmoja ametoka wilayani. Gidamis aliletwa na Gidabuday. Walisimamishwa mlangoni kwa sababu viti vimekwisha. Nikatoka nikaleta benchi la karakana.

Lukasi alisoma karatasi yake. Kisha nikasoma ya baba. Nilipofika kwenye namba, Lukasi akasema, "Huyu ni baba yake, atasema nini kingine?" Yule wa wilayani akauliza, "Nangwa ni mbali?" Meneja akasema barabara ni mbaya. Yule wa wilayani akasema alikuja na gari lake. Wakaenda. Walirudi saa tisa, viatu vina matope.

Unadhani waliita wizi? Lukasi alisema fremu iliazimwa kwa majaribio ya zana katika mazingira ya mkulima. Kikaoni wakaandika neno hilo, majaribio. Nilisimama nikauliza kama mkono wa Gidamis nao ulikuwa wa majaribio. Meneja aliniambia nikae.

Gidamis aliulizwa kama ana la kusema. Alidhaniwa ataomba fidia. Alisema, "Mkono umekwenda, sitauliza umekwenda wapi. Ile karatasi inayosema nimelewa, nataka mseme mbele ya watu kwamba ni uongo." Hawakumjibu siku ile. Mimi nilirudishiwa trekta. Lukasi alihamishiwa shamba jingine na nyumba akapewa. Naandika hivyo na kalamu inataka kutoboa karatasi.

Fremu ilirudi tarehe kumi na moja Agosti, Jumatatu. Msimamizi mpya, Bwana Nikolausi, alinipa fomu ya kupokea nitie saini. Nikaisoma. Tarehe ya kupokea ilikuwa imeandikwa tayari. Mbili Mei.

Mmeelewa? Siku moja kabla ya ajali. Nikitia saini, daftari litasema fremu ilikuwa kwangu siku ile na mimi sikuitumia. Nilimwambia leo ni tarehe kumi na moja Agosti. Akasema, "Tarehe ni kitu kidogo, ni ya kulinganisha vitabu tu." Nikaikata, nikaandika ya kweli. Akachana fomu, akaifungia fremu stoo tena, akasema itakaa humo mpaka nipate akili.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira nyuma ya pipa la dizeli. Wahudumu wa zana walikuwa wamekaa pale, sita, wengi wao wa Gendabi na Nangwa. Waliniuliza, nikawaeleza. Wakainuka, wakaenda zao. Nikadhani wameona ni mambo ya ofisi.

Kesho yake asubuhi nikawasha trekta. Mbegu imeshavunwa, magunia yako uwanjani, na mawingu yasiyo ya msimu yameanza kukusanyika upande wa mlima. Ilikuwa lazima tufunge trela. Nikarudi nyuma. Hakuna aliyekuja kusimama. Nikageuka. Wote sita wamesimama pembeni, mikono nyuma. Trekta la pili nalo likarudi nyuma, hakuna mtu. Bwana Nikolausi akaja akauliza kama tumegoma. Mmoja, Gidabuday mdogo, mtoto wa yule mzee, alimjibu, "Hatujagoma, Bwana. Tumefika, tumesaini. Tuko tayari kubeba magunia, kufagia, chochote. Nyuma ya trekta hatusimami."

Hivyo Jumanne. Hivyo Jumatano. Meneja alikuja mwenyewe akatutishia polisi. Xavery alizima mashine yake ya kuchomelea akaja kusimama nao, na amebakiza miaka mitatu tu astaafu. Alhamisi saa nne mlima haukuonekana kwa mawingu, na yale magunia ndiyo mbegu ya mashamba yote ya mwakani. Meneja akauliza tunataka nini. Tulisema matatu. Fremu itoke, na fomu iwe na tarehe ya kweli. Trekta lisilo na fremu, dereva azime injini na kushuka kabla mtu hajaingia. Na ile karatasi ya ulevi ifutwe, na karatasi ya kuifuta isomwe mbele ya watu.

Stoo ilifunguliwa saa tano, nikatia saini fomu yenye tarehe ya kweli. Tukaingiza magunia yote kabla ya mvua.

Karatasi ilisomwa Jumamosi, kwenye uwanja wa banda. Meneja aliisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Inasema Gidamis wa Gendabi hakuwa amelewa, aliumia akitekeleza kazi aliyopangiwa, wakati kifaa cha usalama kilikuwa kimeondolewa kambini. Hawakuandika nani alikiondoa. Nilitaka kusimama tena, lakini Gidabuday mzee alinishika bega.

Baada ya watu kutawanyika, Gidamis alinijia na nakala yake. Hajui kusoma. Alikaa kwenye kidaraja cha trela, akainyoosha juu ya goti kwa mkono ule mmoja, akaniambia nimsomee polepole, si kama Meneja. Nikasoma yote. Akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamwonyesha, akaweka kidole hapo.

"Na tarehe niliyoumia?" akaniuliza. Habari ya fomu ya mbili Mei ilikuwa imemfikia.

"Tatu Mei," nikasema. "Jumamosi."

"Soma tena tarehe," akasema.

Nikaisoma tena.

Mwanenu,
Efrazia